Twiga Alipoishiwa Damu

Kutoka chini hadi kwenye kibanda cha kreni kulikuwa na vidato mia na sitini. Mwanamke aliyeiendesha kreni ile alivipanda kila siku ya kazi kwa miaka minne bila kujua idadi yake, kwa sababu mwenye nguvu zake hana haja ya kuhesabu. Mwaka huo alianza kuvihesabu. Mwanzoni alipumzika mara moja tu, kwenye jukwaa la katikati. Baadaye ikawa mara mbili. Joto lilipoingia, alikuwa anasimama kila baada ya vidato ishirini, amekumbatia chuma, moyo unamwenda mbio hadi anausikia masikioni. Wa chini wakimwuliza anafanya nini, anajibu kwamba anakagua bolti.

Kazini walimwita Twiga. Mafundi wa nondo ndio waliompa jina hilo, na walikuwa na sababu zao: shingo ndefu, makao yake juu, chakula chake majani. Hakukasirika. Katika saiti ya watu mia na ushee, wanawake walikuwa wanne, na jina la utani lilimaanisha kwamba wamemkubali.

Kuhusu majani walisema kweli. Twiga hakula nyama wala samaki, na hakuacha kwa sababu ya dini au ushauri wa mtu. Mama yake alipougua, tumbo lake lilikataa nyama kabisa, hata harufu ilimtapisha. Dada mkubwa alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo Twiga ndiye aliyebaki kumwuguza. Akawa anapika chungu kimoja cha watu wawili, maharage leo, dengu kesho, na mboga za majani pembeni. Hali hiyo ilidumu miaka miwili. Mama alipofariki, Twiga alijaribu kurudia nyama kwenye sherehe ya jirani, ikamkaa mdomoni kama kitambaa, akaitema kiganjani na kuificha kwenye leso. Tangu siku hiyo hakujaribu tena. Mumewe, fundi wa kushona makochi, alikula nyama yake hotelini mchana, na jioni alikula kilichopikwa nyumbani bila kunung'unika.

Shida ilikuwa kwamba chungu cha mama kilipikwa na mtu aliyekaa nyumbani, mwenye muda. Chakula cha Twiga kililiwa angani. Kushuka kula na kupanda tena kungemchukua nusu saa, na fomani hakupenda kreni isimame. Basi alipanda asubuhi na kikopo cha maharage na mkate, pamoja na chupa kubwa ya chai ya rangi, nyeusi, iliyokolea hadi inakwaruza ulimi. Alikula huku anakunywa. Katikati ya mizigo alikunywa tena. Matunda hakupanda nayo, maana yanachafua mikono, na mikono yake ilitakiwa iwe mikavu kwenye vishikio. Siku zake za mwezi, ambazo tangu ajifungue mtoto wake wa pili zilikuwa nzito na za muda mrefu, alivaa suruali nyeusi na kujifunga vitambaa viwili viwili, akamwomba Mungu jua litue haraka.

Dalili zilikuja kidogo kidogo, na kila moja aliitafutia kisingizio. Kucha zilikatika, akasema ni sabuni. Alihisi baridi wakati wenzake wanatoka jasho, akasema ni upepo wa juu. Moja tu hakuitafutia jina, akaificha: alianza kutamani udongo. Harufu ya zege bichi ilimjaza mate. Akawa ananunua sokoni vipande vya ule udongo mkavu unaouzwa kwa wajawazito, anavitafuna mle kibandani peke yake, kisha anajipangusa midomo kama mwizi.

Mtu pekee aliyeanza kumshuku alikuwa Filimbi. Huyu alikuwa mzee wa saiti, kazi yake kusimama chini na kumwongoza Twiga kwa simu ya upepo: vuta, shusha, zungusha, simama. Zamani, kabla ya simu hizo kufika, aliongoza kwa filimbi, na mpaka leo alikuwa anaivaa shingoni. Dereva wa kreni haoni kila kona anakopeleka mzigo, kwa hiyo macho ya Filimbi ndiyo yalikuwa macho ya Twiga. Kwa miaka minne hawakuwahi kugombana. Siku hizi mzee alikuwa anarudia maagizo mara mbili, na jambo hilo lilimuudhi Twiga kwa sababu alijua lina maana.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida, haina hata wingu. Lori lilileta nondo, na fungu la kwanza, tani moja na nusu, lilitakiwa ghorofa ya nane ambako mafundi saba walikuwa wanasubiri. Twiga aliliinua vizuri. Alianza kuzungusha mkono wa kreni, na fungu likaelekea kwenye jengo taratibu kama lilivyotakiwa. Hapo sauti zote zikaondoka. Masikio yake yalijaa kitu kama pamba, na pembe za kioo cha kibanda zikaanza kuwa nyeusi, weusi ukasogea kuelekea katikati, mpaka akabaki anaona duara dogo tu la mwanga, na ndani yake kofia za njano za wale saba.

Sauti ya Filimbi ilimfikia kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Taratibu, ilikuwa inasema. Taratibu. Simama. Aliyasikia maneno, akayaelewa, lakini mikono haikumtii. Ndipo vidole vikalegea vyenyewe, kishikio kikarudi katikati kama kilivyotengenezwa kirudi mtu akikiachia, na mashine ikajifunga breki. Fungu la nondo likabaki linabembea juu ya vichwa vya watu saba.

"Twiga, uko?" simu iliuliza. Ikanyamaza. "Twiga."

Ulimi ulikuwa mzito, hakuweza kujibu. Kilichofuata ni filimbi, kali, mara tatu, na kwenye lile duara la mwanga kofia za njano zikatawanyika. Twiga aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Kioo kilikuwa cha moto, na ule moto ndio aliousikia kwanza. Alivuta pumzi, akahesabu hadi kumi, akavuta tena. Weusi ulirudi nyuma polepole.

"Nipo," alisema.

Filimbi hakumwuliza kilichotokea. Alimwambia avute ndani kidogo. Kidogo tena. Asimame. Azungushe kwa mwendo wa konokono. Alimwongoza hivyo hatua kwa hatua, mbali na jengo, hadi kwenye uwanja mtupu karibu na lori, na nondo zilipogusa ardhi Twiga aligundua kwamba ameuma mdomo hadi umetoka damu. Kazi ambayo kwa kawaida huchukua dakika mbili ilikuwa imechukua kumi na tano.

Aliposhuka, mzee alikuwa anamngojea kwenye mguu wa kreni. Twiga alianza kueleza habari za upepo. Filimbi alitikisa kichwa, akamwonyesha bendera iliyofungwa juu ya jengo. Ilikuwa imelala.

"Mwanangu," alisema, "wale watu saba wananingoja mimi niwaambie kama pako salama. Nenda kwa fomani mwenyewe kabla kazi haijafungwa. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na sitaki kwenda mimi."

Twiga alijifungia chooni. Alifikiria kusema ameumwa malaria. Alifikiria kuacha kazi papo hapo, kwa heshima, kabla hajafukuzwa. Mwishowe alijikuta mbele ya fomani, anasema kwamba alipoteza fahamu kidogo akiwa juu, na kwamba haikuwa mara ya kwanza kuona kizunguzungu, ila ndiyo mara ya kwanza akiwa na mzigo. Fomani alikuwa mtu wa maneno machache. Alibadilika rangi, akachukua kalamu, akaiweka. Kisha akasema kwamba hatapanda tena bila barua ya daktari, na kwamba kwa sasa atakaa chini na Filimbi, amsaidie kufunga mizigo. Kesho yake alikuja dereva mwingine, bwana mnene wa makamo, akapanda kwenye kibanda cha Twiga.

Hospitalini alipokewa na daktari wa kike mwenye sauti ndogo, umri kama wake. Daktari alimvuta kope la chini, akatazama viganja vyake, akatazama kucha.

"Unatafuna nini?" aliuliza. "Udongo, au barafu?"

Twiga aliona aibu hadi masikio yakapata moto. Hata mumewe hakuwa anajua. Daktari alisema kwa upole kwamba mwili ukikosa madini ya chuma hutamani vitu vya ajabu, na udongo wenyewe hauongezi kitu, badala yake huzidi kuzuia chuma kisiingie mwilini. Majibu ya maabara yalipotoka yalisema damu yake ni sita nukta nane, wakati mwanamke anatakiwa kuwa na kumi na mbili au zaidi. Kidogo tu angelazwa aongezewe damu. Daktari alishangaa alikuwa anapandaje ngazi, tena ngazi ya kreni.

Twiga alikuwa amejiandaa kuambiwa arudie nyama, na maneno ya kujitetea alikuwa nayo tayari. Hayakuhitajika. Daktari alimwuliza anakula nini, saa ngapi, anakunywa nini nacho, na hedhi yake ikoje. Alipofika kwenye ile chupa ya chai, aliacha kuandika.

"Wapo watu wengi wasiokula nyama na damu yao iko sawa," alisema. "Maharage yako yana chuma. Lakini chuma cha kwenye maharage na majani ni kigumu kuingia mwilini, na wewe unakimwagia chai juu. Kile kidogo kilichokuwa kiingie, chai inakizuia. Halafu kila mwezi unatoa zaidi ya ulichoingiza."

Alimpa vidonge vya madini ya chuma, na dawa nyingine ya kupunguza ile hedhi, akamwandikia aonwe na daktari wa wanawake. Chai ikae mbali na chakula, saa moja au mbili. Kila mlo wa maharage au dengu uwe na kitu kichachu na kibichi: limau, chungwa, pera, hata nyanya. Maharage yalowekwe kwanza. Mbegu za maboga na ufuta visikosekane, na asitegemee majani peke yake. Arudi baada ya mwezi.

Filimbi alipopata habari alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasema miaka minne mtu anabeba chuma cha watu wengine na chake mwenyewe hana. Twiga naye akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kila alipoinua macho aliona mkono wa bwana mnene ukiegemea dirisha la kibanda chake.

Vidonge vilimtesa. Vilimchafua tumbo, vikamfungia choo, na choo chenyewe kilipokuja kilikuwa cheusi kama lami. Alikuwa ameonywa juu ya hilo, akaogopa vilevile. Siku ya kumi aliviweka kwenye kopo la vifungo vya mumewe, akajitia hamnazo. Alijiambia chakula kitatosha. Na chai? Sasa yuko chini, yuko na watu, na saa ya kula birika linapita mkono kwa mkono. Kukataa kikombe kungeleta maswali. Akawa anakunywa.

Mwezi ulipoisha damu ilikuwa saba nukta tatu. Daktari aliitazama ile karatasi.

"Dawa umekunywa zote?"

"Zote."

"Basi kuna mahali damu inavuja," daktari alisema, akavuta fomu nyingine. Alieleza kwamba itabidi waingize mpira wenye kamera tumboni wakatazame kama kuna kidonda au uvimbe. Jambo la barua ya kazini lisubiri kwanza. Alikuwa anaongea polepole, kwa namna ambayo watu huongea wanapoandaa wengine kwa habari mbaya. Twiga alimkumbuka mama yake kwenye kiti kama kile. Alichukua fomu, akashukuru, akatembea hadi mlangoni, akaushika mpini.

Akarudi. Alisema akiwa amesimama, macho sakafuni, kwamba dawa alikunywa siku kumi tu. Nyingine ziko nyumbani. Na chai hakuacha.

Daktari hakumkaripia, na hilo lilimwumiza kuliko karipio. Aliichukua tena ile fomu ya kamera, akaikunja na kuiweka kwenye droo badala ya kuichana, akasema itakaa pale mwezi mmoja. Kisha akambadilishia utaratibu: kidonge kimoja, siku moja kula, siku moja kupumzika, na akile na chakula kidogo kama tumbo linasumbua. Wengi huvumilia hivyo, alisema, na mwili hupokea vizuri. Jioni Twiga alivitoa vidonge kwenye kopo la vifungo.

Jumapili iliyofuata dada yake alifika bila taarifa, na bakuli limefunikwa. Mume wa Twiga ndiye aliyempigia simu, kwa hofu. Ndani ya bakuli kulikuwa na maini. Dada alilitua mezani, akakaa, na mwanzoni aliongea kwa utulivu, habari za nguvu na watoto na kazi. Twiga alipotikisa kichwa, utulivu ukaisha.

"Miaka yote hii unanihukumu," dada alisema. "Kila nikija hapa nikala mboga zako, najua unachoniambia. Kwamba wewe ulikuwepo na mimi sikuwepo. Hukumzika mama peke yako."

Twiga hakuwa amewahi kufikiri hivyo, au alidhani hakuwahi. Mume alisimama, akaenda kushika kitu jikoni ambacho hakikuhitaji kushikwa. Ndipo Twiga akavuta bakuli, akachukua kipande kimoja kwa vidole, akakiweka mdomoni. Alikitafuna huku anamtazama dada yake. Machozi yalimtoka, koo likafunga, akalilazimisha. Alimeza. Akanyoosha mkono achukue cha pili.

Dada alilivuta bakuli upande wake.

"Acha," alisema. "Basi, acha. Sikuja kukuona hivi."

Kisha akaanza kueleza mambo ambayo hakuwahi kuyaeleza: jinsi mumewe alivyomkatalia ruhusa miaka ile, jinsi alivyokuwa anapiga simu na kukata kabla haijapokelewa kwa kuogopa kusikia sauti ya mama imedhoofika. Twiga alimsikiliza. Alisema kwamba alichokuwa anapika tangu wakati ule hakikuwa kesi dhidi ya mtu yeyote. Alikuwa amezoea tu chakula cha siku zile, na hakutaka kukiacha. Mume alirudi na sahani za dengu na, kwa mazoea, vikombe vitatu vya chai. Dada alimwuliza mdogo wake daktari alisema nini hasa, neno kwa neno. Aliposikia, alisimama, akachukua kikombe cha Twiga, akakimwaga kwenye sinki. Kisha akatafuta limau.

Tangu hapo alipiga simu kila siku mchana, na swali lake lilikuwa moja, umekunywa nini na chakula. Swali hilo lilimkera Twiga na kumsaidia. Kazini aliwaambia wenzake wazi kwamba birika limpite, ana ugonjwa wa damu. Maswali aliyoyaogopa yalidumu siku mbili, vichekesho vikadumu wiki, kisha kila mtu akarudi kwenye sahani yake. Mmoja wa mafundi wa nondo alimvuta pembeni, akamweleza dalili za mkewe na kumwuliza kama ni ugonjwa huo huo.

Mwezi wa pili damu ilifika tisa nukta sita. Daktari alitoa ile fomu kwenye droo, akaichana mbele yake. Twiga aligundua kwamba hajatafuna udongo kwa wiki kadhaa, na hakumbuki aliacha lini. Mwezi wa nne ilikuwa kumi na mbili nukta moja, na barua ikaandikwa. Aliambiwa aendelee na vidonge miezi mitatu zaidi ili akiba ya mwili ijae, na apimwe kila baada ya miezi sita.

Lakini jengo halikumsubiri. Ghorofa ya mwisho ilikuwa imefunikwa siku tisa kabla ya barua, na kreni ikafunguliwa vipande vipande. Twiga mwenyewe alisimama na Filimbi kuongoza vipande hivyo kwenye malori, na kibanda kilipopita mbele yake alikitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyohama. Alikaa wiki sita nyumbani, anamsaidia mumewe kung'oa misumari kwenye makochi ya zamani, akiamini kwamba fomani hatampigia.

Alipiga. Kulikuwa na saiti mpya, hospitali ya ghorofa tano, na bwana mnene amepata kazi kwingine. Twiga alikwenda na barua, na kabla hajaulizwa alitoa masharti mawili: ashuke kula saa saba kila siku, na vipimo vyake viwekwe kwenye faili lake kazini. Fomani aligeuza barua pande zote mbili. Alisema nusu saa ya kreni kusimama ni kitu kikubwa. Filimbi, aliyekuwa amekaa pembeni kana kwamba hasikii, alisema kwamba dakika kumi na tano za siku ile zilikuwa kubwa zaidi. Fomani akatia sahihi.

Mzigo wake wa kwanza pale ulikuwa tangi la maji la kupeleka juu ya jengo la muda. Mafundi bomba watatu walikuwa juu wanalingojea, mmoja anakata mpira, wawili wanabishana juu ya vipimo. Twiga alilizungusha, akalisimamisha hatua moja juu ya vichwa vyao, akalishusha mahali pake. Hakuna kati yao aliyetazama juu.